Nilivyopata kazi ya programu kwenye falaki bila shahada ya falaki

Niliambiwa na watu wasiopungua watano kwamba bila shahada ya uzamivu ya falaki nisijisumbue. Wa sita akaniambia niifundishe kompyuta kutofautisha galaksi za umbo la yai na zile zenye mikono iliyojisokota, nitaitwa mwenyewe. Huyo nilimsikiliza, nikapoteza miezi. Mradi huo karibu kila mwombaji anao, na wasaili wameuchoka.

Kilichonifungulia mlango ni alama ya kutoa mbele ya sifuri. Nitaifikia.

Kwanza niliacha kutafuta kwa neno "astronomer", kwa kuwa nafasi zetu hutangazwa kwa majina mengine. Andika "research software engineer", "pipeline developer" au "control software", kisha uongeze "telescope" au "observatory". AAS Job Register, daftari la nafasi la chama cha wanafalaki cha Marekani, husomwa bure na lina nafasi za nje ya Marekani pia. Ruka zile za postdoc, yaani za watafiti waliokwisha pata uzamivu, nenda kwenye za wahandisi na watumishi wa kiufundi. Baada ya hapo pitia kurasa za ajira za taasisi zenyewe: ESO, shirika la Ulaya lenye darubini zake Chile, STScI inayoendesha shughuli za kisayansi za darubini za angani za Hubble na Webb, na SKAO, shirika la darubini za redio, inayojenga antena 131,072 Australia na madishi 197 Afrika Kusini. Soma mstari wa uraia kabla ya mstari wa mshahara. ESO hutanguliza raia wa nchi wanachama wake, na nafasi za utumishi wa umma ndani ya NASA kwa kawaida ni za raia wa Marekani. Mimi niliandika maombi mawili marefu kabla ya kuuona mstari huo. Ulikuwa chini kabisa, lakini ulikuwepo.

Kazi zenyewe ni za aina tatu. Kuna kuongoza darubini, ambako utakutana na C++ nyingi na mifumo ya kuendeshea mitambo kama EPICS na TANGO. Kuna kusafisha data, na hapo Python ndiyo mwenye nyumba. Halafu kuna hifadhi za data: SQL, seva, Kubernetes. Hii ya tatu ndiyo inayodai falaki kidogo kuliko zote, na watu wanaipita kwa sababu haina picha za kupendeza. Ukitoka benki au kampuni ya simu, anzia hapo. Rubin, kituo cha darubini kilichoko Chile, peke yake inatarajiwa kutoa takribani terabaiti 20 kwa usiku na hadi taarifa milioni 10 za vitu vilivyobadilika angani. Huo ni mzigo wa mhandisi wa data, awe anazijua nyota au hazijui.

Sasa ile sifuri. Nilikuwa nalinganisha orodha mbili za nyota, ya zamani na ya Gaia, chombo cha Ulaya kilichopima nyota kutoka angani, ili nione zipi zimesogea. Deklinesheni, yaani umbali wa nyota kaskazini au kusini ya ikweta ya anga, huandikwa kwa digrii, dakika na sekunde. Nikakata maandishi penye nafasi, nikageuza kila kipande kuwa namba, nikajumlisha, na digrii zikiwa chini ya sifuri jumla yote nikaifanya hasi. Majaribio yangu yalikuwa nyota moja ya +12 na nyingine ya -45, zote zikapita. Nikajipongeza.

Nyota nyingi zikapata wenzao, ila zilizokosa zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea. Nililaumu mwendo wa nyota, nikapanua duara la kutafutia. Matokeo yakawa mabaya zaidi, maana sasa nyota zilianza kuoana na majirani. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikazichora zilizokosa. Zikajipanga kwenye ukanda wa digrii moja, ulionyooka kama rula, kando tu ya ikweta. Mbingu haichori mistari kwa rula. Programu ndiyo inayochora.

Chukua Mintaka, nyota ya kaskazini kabisa kati ya zile tatu za mkanda wa Orion. Deklinesheni yake ni -00 17 57. Kipande "-00" kikigeuzwa kuwa namba kamili kinakuwa sifuri tupu, alama ya kutoa imeyeyuka, na Mintaka inarukia upande wa kaskazini, umbali unaozidi upana wa mwezi mpevu. Alnilam na Alnitak zinaanza na -01, hazikuguswa. Mkanda wangu wa Orion ulikuwa umevunjika sehemu moja tu. Nikabadilisha namba kamili kuwa namba ya desimali, nikidhani nimemaliza. Wapi! Python sasa inaitunza -0.0, lakini ukiiuliza kama ni ndogo kuliko sifuri inakujibu hapana. Dawa ni kuisoma alama kwenye maandishi yenyewe kabla ya kuyakata, kuiweka pembeni, kuhesabu bila alama, halafu kuzidisha mwishoni. Mistari mitatu.

Astropy, maktaba ya Python ya kazi za falaki, hulifanya hili sawasawa, na mwenye akili angeitumia tangu mwanzo. Ila kuna programu nyingi za zamani ambazo hazikuitumia. Nikaitafuta hitilafu ileile kwenye miradi ya programu huria (open source), nikaikuta kwenye kifaa kidogo kinachotumiwa kupanga uangalizi. Rekebisho langu la kwanza lilikataliwa, na kwa haki: kihariri changu kilikuwa kimepanga upya nafasi na mistari ya faili zima, mabadiliko matatu ya kweli yakazama ndani ya mamia. Zima upangaji wa kujiendesha. Tuma badiliko dogo, pamoja na jaribio linaloanguka bila badiliko hilo. La pili lilipokelewa, na kiungo chake nikakiweka mstari wa kwanza wa wasifu wangu, juu ya elimu.

Kwenye usaili hawakuniuliza swali hata moja kuhusu mashimo meusi. Walinipa jedwali la nyakati za vipimo wakauliza lina kasoro gani. Nyakati zilikuwa tarehe za Julian, yaani hesabu ya siku mfululizo tangu zama za kale, namba za milioni mbili na laki nne na ushee, zimehifadhiwa kwa biti 32. Kwa ukubwa huo, biti 32 haziwezi kutofautisha nyakati zilizo karibu kuliko robo siku, kwa hiyo vipimo vya usiku mzima vinarundikana kwenye nyakati mbili tatu. Biti 64 hushuka hadi karibu sehemu 40 za milioni za sekunde, na Astropy hutumia namba mbili za biti 64 kwa wakati mmoja ili ipite hapo. Swali la pili lilikuwa faili la FITS, muundo wa kuhifadhia picha za falaki: kwa nini nyota imetokea pikseli moja pembeni? Kwa sababu FITS huhesabu pikseli kuanzia 1 na Python kuanzia 0. Na ukisoma picha kwa NumPy, y hutangulia x. Ukiyajua haya matatu kwa kuumia nayo, huhitaji kuyakariri.

Gharama haikuwa kubwa: kompyuta ya kawaida, intaneti, na usingizi. Data za Gaia na za MAST, hifadhi ya data za Hubble na Webb, ni za bure.

Mkataba usome vizuri. Nafasi nyingi zimefungwa kwenye ruzuku ya miaka miwili mitatu, na mshahara mara nyingi uko chini ya ule wa kampuni kubwa za programu. Uliza ruzuku inaisha lini. Mimi niliuliza pia nani huamshwa darubini ikigoma saa nane usiku. Wakaangaliana, mmoja akasema ni kwa zamu, na jina langu lingeanza mwezi wa pili.