Jina la kampuni lisisambae kwenye programu yako yote

Developa wenzangu wa Dar, kuna kitu nataka tukiongee vizuri maana nakikuta karibu kila mfumo ninaopewa niuendeleze. Mtu anaandika programu ya kupokea malipo ya simu, afu jina la mtandao analimwaga kila kona. Fanksheni, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi moja, inaitwa lipaTigoPesa, kolamu kwenye databesi inaitwa tigo_namba, kitufe kimeandikwa Tigo Pesa, risiti hivyohivyo, na ripoti ya mwisho wa mwezi inatafuta neno "tigo" kwenye maelezo ya muamala ndo ijumlishe. Inafanya kazi, mwenye duka anafurahi, developa analipwa anaondoka. Halafu 2024 Tigo ikawa Yas, Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas.

Na wala sio mara ya kwanza hapa kwetu. Celtel ikawa Zain, 2010 Zain ikawa Airtel, na watu wazima wanakumbuka Mobitel na Buzz kabla ya hiyo Tigo yenyewe. Kwa hiyo developa wa Bongo anayeamini jina la mtandao halitabadilika anaamini kitu ambacho historia ya nchi yake mwenyewe inakikataa.

Kuna mfumo wa duka moja la jumla Kariakoo nililetewa niurekebishe. Ukifungua tebo ya malipo, ile kolamu ya tigo_namba imejaa namba za mitandao yote, maana developa wa pili alipoambiwa aongeze Voda na Airtel alikuta kolamu ni hiyo tu akazisukumia humohumo. Sasa ili programu ijue namba ni ya nani akaweka masharti: ikianza 071 au 065 ni Tigo, 075 ni Voda, 078 ni Airtel, na masharti hayo yamerudiwa kwenye ukurasa wa mauzo, kwenye madeni ya wateja, kwenye ripoti, na sio sawasawa, sehemu moja ina 067 nyingine haina. Ila shida kubwa zaidi ni kwamba tangu Machi 2017 mteja Tanzania anaruhusiwa kuhama mtandao na namba yake ileile. Mtu ana 0754 na yuko Airtel. Unakuta mama kasimama kaunta, mzigo wa vitenge ushafungwa, simu iko mkononi anasubiri ujumbe wa kuweka namba ya siri, na haufiki, maana programu imeomba hela kwenye mtandao aliouhama zamani. Kijana wa kaunta anamwambia labda mtandao unasumbua. Mtandao haujasumbua chochote, ni sharti moja tu limeandikwa kama vile dunia imesimama.

Dawa yake sio ngumu. Mitandao inakaa kwenye tebo yake, kila mmoja una namba yake ya ndani ambayo haibadiliki milele, na jina la kuonyesha ambalo mwenye duka anaweza kulibadilisha siku yoyote bila kukupigia simu. Kolamu inaitwa namba_ya_malipo, pembeni yake mtandao_id, na mteja anachagua mwenyewe yuko mtandao gani. Programu nzima inajua fanksheni moja tu, ombaMalipo, ikipewa namba, kiasi na mtandao. Mambo ya huyu anataka tokeni (ufunguo wa kuingilia mfumo wake) hivi, yule anarudisha majibu vile, yanabaki ndani ya faili la huyo mtoa huduma na hayatoki nje. Ni kama stoo yenye mtunza stoo mmoja, ukitaka mzigo unamwambia yeye, hupiti mwenyewe kwenye rafu.

Hili wazo ni la zamani kuliko wengi wetu. Mtaalamu wa kompyuta David Parnas aliliandika 1972, kwamba ukitaka kugawa programu vipande usifuate hatua za kazi, yaani kwanza soma afu panga afu chapa, bali orodhesha maamuzi magumu na yale yanayoelekea kubadilika, afu kila uamuzi ufiche ndani ya kipande chake. Mi naona sisi tunalihitaji kuliko hata waliolisoma kwanza, maana biashara zetu zimesimama juu ya vitu vya watu wengine vinavyobadilika kila leo: mitandao ya simu, benki, viwango vya serikali.

Chukua VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ilianza 1998 ikiwa asilimia 20, 2009 ikashuka hadi 18. Ukishaandika 0.18 kwenye mafaili kumi umejitengea kazi ya kuzisaka zote siku kiwango kikibadilika tena, ila hata kabla ya kubadilika kuna hatari nyingine, kila aliyeandika ile hesabu kaiandika anavyojua yeye. Bidhaa inauzwa 118,000 VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani. Ukitaka kujua VAT ni ngapi unazidisha kwa 18 unagawa kwa 118, unapata 18,000. Wapo wanaozidisha 118,000 kwa 0.18 wanapata 21,240, tofauti ya 3,240 kwenye risiti moja tu, na programu haitalalamika, itachapa kwa utulivu kabisa. Fanksheni ikiwa moja unaiwekea testi moja, 118,000 lazima itoe 18,000, na hapo juu unaandika komenti ya kueleza kwa nini: bei ya duka ina VAT ndani. Komenti ya kusema "hapa tunazidisha" haimsaidii mtu, kuzidisha anakuona mwenyewe.

Lakini ngoja, hapa ndo wengi wanapotelea upande wa pili. Mtu kashasikia usirudie rudie, basi akiona namba 18 mara mbili anaziunganisha. Mfumo wa mikopo una 18 ya VAT na una 18 ya umri, mteja asiyefika miaka 18 hakopeshwi. Hizo zimefanana kwa sura tu. Moja inabadilishwa na sheria ya fedha, nyingine inahusu utu uzima wa mtu, na siku moja ikisogea nyingine itabaki palepale. Swali la kujiuliza ni hili: kikibadilika hiki, na kile lazima kibadilike? Kama hapana, viache viwili hata vikifanana herufi kwa herufi.

Na usianze kujenga milango mitano kwa duka lenye kaunta moja. Nimeona vijana wenye akili kabisa wanatengeneza tabaka juu ya tabaka ili "siku moja" wahamishe databesi, na hiyo siku hamna hata mtu anayeiwazia, huku kitu ambacho kimeshabadilika mara tatu mbele ya macho yao wamekiandika waziwazi kila sehemu. Angalia kilichowahi kubadilika hapa kwetu, anza na hicho.

Namba za simu nazo zisafishwe zinapoingia tu, mtu ataandika 0754, mwingine +255 754, mwingine ataleta faili la Excel lililomeza sifuri ya mbele. Geuza zote ziwe 255 na tarakimu tisa, hukohuko ndani asiulize mtu tena.

Kama tayari una mfumo umeharibika hivyo usiufute uanze upya tafadhali, duka linauza leo na kesho. Tafuta neno la jina la kampuni kwenye mafaili yako yote uone linatokea mara ngapi. Tengeneza hiyo ombaMalipo, hamishia ukurasa wa mauzo kwanza kwa sababu ndo wenye foleni, uache wiki nzima ufanye kazi, linganisha jumla ya jioni na taarifa ya mtandao wa simu. Zikikubaliana nenda kwenye madeni. Ripoti iwe ya mwisho, na ile kolamu ya zamani usiifute mpaka mhasibu wa duka aseme mwenyewe haitumii tena.