Fomu Haikusainiwa, Utafiti Ukafanyika

Kabla sijakanyaga mtaani kwao, mtu mmoja chuoni aliniambia Waroma, ile jamii ya wachache iliyotawanyika Ulaya, hawapendi utafiti: wape fomu ya ridhaa, ya kusaini kwamba wamekubali kushiriki, anayekataa mwache, tafuta mwingine. Ushauri huo ulinila miezi miwili mizima.

Nilikuwa mashariki mwa Slovakia, kwenye makazi ya Waroma ng'ambo ya reli. Utafiti ulikuwa shirikishi, yaani wakazi wachague swali, wakusanye majibu na wayachambue wenyewe. Walichagua maji, maana bomba lilikuwa moja. Kahawa tele, maneno tele. Nikitoa fomu, kimya.

Kulikuwa na mama mtu mzima niliyemwita Bibi. Kwa Kiromani, lugha yao, bibi ni shangazi, na neno hilo lilinifungulia milango kuliko barua zote za chuo. Siku hiyo alishika kalamu, akaitazama, akaisukuma taratibu juu ya kitambaa cha plastiki cha mezani mpaka ikanifikia.

"Dada yangu alisaini hospitalini akiwa na uchungu," akasema. "Hakuzaa tena. Hilo liandike, ila mimi sisaini."

Nikaenda kusoma. Kumbe mwaka 2011 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliitia Slovakia hatiani kwa kesi ya mwanamke wa Kiroma aliyefungwa kizazi baada ya kusainishwa katikati ya uchungu. Na enzi za Wanazi, watafiti waliwapima Waroma vichwa na kuandika koo zao. Kazi hiyo ikatumika kuwapeleka kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz. Nani angesaini?

Fomu tuliitupa. Bibi na wasichana wawili wakaitunga upya kwa Kiromani, sentensi fupi fupi, kila mtu akasomewa na kujibu kwa sauti kwenye kinasa. Kamati ya maadili ilibisha, mwishowe ikakubali. Watafiti, ombeni ridhaa ya mdomo mapema, msisubiri kama mimi.

Malipo ya wakazi waliofanya utafiti nasi nayo! Chuo kilitaka akaunti za benki, na wengi wana madeni, hela ikiingia inakamatwa. Tukawapa watafiti wenzetu kadi za manunuzi, jumla yuro 400 na ushee.

Bibi aliporekodiwa aliomba kujisikiliza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nifute alipotaja deni la mwanawe. Nikafuta mbele ya macho yake. Akainuka, akafungua mlango, akawaita waliokuwa wakisubiri nje.