Ganzi ya jino inakata wapi?

Kazi yangu ni kufunga umeme majumbani hapa Morogoro, kwa hiyo mtu akiniambia anakata laini, lazima nimuulize anaikatia wapi. Daktari wa meno naye hakunusurika. Gego bovu lilikuwa la chini, sindano akaichoma nyuma kabisa ya taya, na kilichokufa ganzi ni nusu ya mdomo wa chini hadi kidevuni. Gego na mdomo wapi na wapi?

Kumbe wanatumia mshipa mmoja wa fahamu. Unaingia ndani ya mfupa wa taya, unagawa matawi kwa meno ya upande ule, kisha tawi moja linatokeza kidevuni na kuishia mdomoni. Ukiuzuia pale unapoingilia, huko mbele kote kimya. (Ulimi una mshipa wake, ila unapita jirani, nao ukaonja dawa.)

Watu husema neva, yaani huo mshipa wa fahamu, ni waya. Mimi nakataa. Kwenye waya umeme unakwenda kwa urefu; kwenye neva chaji zinavuka ukuta wa seli. Neva ikiwa imetulia, ndani yake ni hasi kwa takriban milivolti 70 kuliko nje. Ikisisimuliwa vya kutosha, vilango vya ukutani vinafunguka, sodiamu yenye chaji chanya inamiminika ndani, ndani panageuka chanya. Badiliko hilo linafungua vilango vya jirani, navyo vya mbele yake. Huku nyuma vilango vya sodiamu vinajifunga, potasiamu inatoka, hali inarudi. Kwa sehemu moja, yote hayo ni kama milisekunde moja tu. Na kwa kuwa ishara inazaliwa upya kila hatua, ikitoka kidole cha mguu haifiki imechoka. Waya mrefu ungeshusha volti.

Mwendo hutofautiana. Nyuzi nene zenye ala ya mailini (ganda la mafuta lenye mapengo) hurusha ishara kutoka pengo hadi pengo, nyingine hata mita 100 kwa sekunde. Nyuzi nyembamba zisizo na ala, zinazoleta maumivu ya kufukuta, hukokota kama mita moja kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa unajua umejikwaa, kisha ndipo maumivu yenyewe yanawasili.

Lidokeini, dawa ya ganzi, hupenya ndani ya neva na kuziba vile vilango vya sodiamu. Jino linaumia vilevile. Taarifa ndiyo inafia njiani. Hakuna kilichokatwa: damu ikishaibeba dawa, vilango vinaachiwa. Mara nyingi huchanganywa na adrenalini, ibane mishipa ya damu dawa isiondoke mapema.

Jino lenye usaha ni kesi nyingine. Pale pana tindikali, na kwenye tindikali sehemu kubwa ya dawa inakuwa na chaji, inashindwa kupenya ukuta wa mafuta wa neva. Ndipo unasikia "jino limekataa ganzi". Jirani yangu yalimkuta hayo, na mpaka leo anaapa alichomwa dawa iliyopitwa na muda. Nimemweleza habari ya usaha, hataki hata kusikia.