Kiti changu kilikuwa pale ambapo G haifiki

Wimbo ulionifungua macho ulikuwa wa kwaya, umeimbwa kwa ufunguo wa G, na mpiga besi alikuwa kijana mwenye mkono mzito. Niliumiksi, yaani nilisawazisha sauti zake, kwa siku tatu chumbani kwangu Mbagala, nikaridhika nao kabisa, nikawakabidhi. Jumapili mchana mwalimu wa kwaya akanipigia. "Kaka, kazi nzuri, Mungu akubariki, ila besi imewameza waimbaji. Wazee wa mstari wa mbele wamehama viti."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kusikiliza mwenyewe. Kweli, kila gitaa la besi lilipotua kwenye G, ukumbi mzima uliunguruma, mpaka maneno ya solo yakapotea. Lakini likienda C au D, mambo yalikuwa shwari. Hapo ndipo nilipoduwaa, maana kosa langu halikuwa kuweka besi nyingi. Nilikuwa nimezidisha noti moja tu. Wale watu walikuwa wamechangishana ili warekodi wimbo huo, na niliumia sana. Nikamwomba mwalimu anipe muda niurudie bila malipo.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeuza spika zangu za inchi 5 na kununua za inchi 8, nikiamini udogo wa spika ndio unaoninyima besi. Pia nilikuwa nimebandika trei za mayai ukuta mzima. Hizo nawaomba wenzangu muachane nazo. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, lakini besi inazipita kama hazipo. Godoro la inchi 8 nililosimamisha nyuma yangu lilisaidia sauti za kati, ila kule chini kabisa halikugusa kitu.

Safari hii niliamua kupima kwanza, pesa baadaye. Nikaazima maikrofoni ya vipimo kwa rafiki, nikapakua Room EQ Wizard, programu ya bure ya kupima sauti ya chumba, na kuchora mchoro wa sauti kuanzia hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) kwenda juu. Lakini kabla hata ya mchoro, kuna jaribio moja lililonifundisha zaidi, nalo halihitaji maikrofoni. Niliweka toni moja ya hezi 48, nikaiacha iendelee kulia, nikaketi kwenye kiti changu. Kimya. Koni za spika naziona zinacheza, lakini masikioni hakuna kitu cha maana. Nikasukuma kiti nyuma taratibu. Kufika karibu na ukuta, sauti ikanijaa kifuani. Nikaenda kusimama kwenye kona nyuma ya mlango, huko ilikuwa nzito kiasi kwamba mpini wa ndoo ulikuwa unagonga ndoo wenyewe. Nikarudi kwenye kiti, ikayeyuka tena. Toni ni ile ile na spika ni zile zile. Kilichobadilika ni mahali kichwa changu kilipo.

Chumba changu kina urefu wa mita 3.6, upana mita 3 na kimo mita 2.8. Kwa joto letu la Dar es Salaam, sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Ukigawa namba hiyo kwa urefu wa chumba mara mbili, unapata hezi 48 na ushee. Wimbi la masafa hayo linakwenda ukutani, linarudi, na linakutana na lile linalokuja. Karibu na kuta yanajumlishana, na katikati ya chumba yanafutana. Upana wangu unatoa hezi 58, kimo hezi 62. Sasa shika gitaa la besi, uzi mnene, freti ya tatu: hiyo ni G, hezi 49. Na mimi kiti nilikuwa nimekiweka mita 1.8 kutoka ukuta wa mbele, katikati kabisa, kwa sababu machoni palipendeza.

Spika nazo zilikuwa na lao. Uso wake ulikuwa sentimita 90 kutoka ukuta wa mbele. Besi haitoki mbele ya spika peke yake, inazunguka pande zote. Ile inayokwenda nyuma inagonga ukuta na kurudi imechelewa. Pale umbali wa spika na ukuta unapokuwa robo ya urefu wa wimbi, inarudi imegeuka na kuifuta ile ya mbele. Kwa sentimita 90 jambo hilo linatokea hezi 97, na G ya juu yake, oktavu moja, iko hezi 98. Kwa hiyo kiti kilinificha G ya chini na spika zikanificha G ya juu yake. Nilikuwa naongeza kitu nisichokisikia, na ukumbi wa kanisa ulikuwa unasikia vyote nilivyoongeza.

Kazi ya kwanza haikunigharimu hata shilingi. Nilisogeza meza mpaka uso wa spika ukawa sentimita 45 kutoka ukutani. Lile shimo la kufutana likapanda hadi hezi 194 hivi, ambako ni rahisi kulitibu kwa vifyonza sauti. Spika ikikaribia ukuta hunenepesha besi, kwa hiyo nilitumia swichi ya nyuma yake kuipunguza desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kiti nikakileta mbele, masikio yakawa mita 1.37 kutoka ukuta wa mbele, yaani asilimia 38 ya urefu wa chumba. Kipimo hicho mafundi wengi hukitumia kama pa kuanzia, na mimi baada ya kujaribu huku na huku kwa sentimita kumi kumi nilirudi palepale. Kati ya spika na spika niliacha mita 1.1, pembetatu ikawa sawa pande zote. Nilipopima tena, shimo la hezi 48, lililokuwa la desibeli 17, lilibaki la 8. Asubuhi moja ya kusukuma samani ilifanya kazi ambayo spika mpya hazikuifanya.

Ushauri mwingi tunaousoma kuhusu vyumba hivi umetoka Marekani, na nyumba nyingi za kule kuta zake ni mbao na jipsamu. Ukuta wa namna hiyo unacheza, na besi kiasi fulani inapotelea humo au inatoka nje. Zetu ni tofali za saruji zilizopigwa lipu, na sakafu ya marumaru. Besi ikigonga inarudi karibu yote. Kwa hiyo mtu anayesema paneli nne zinatosha anaweza kuwa mkweli kwake, na kwako zisitoshe. Kinachotusaidia ni dari la jipsamu lililotundikwa kwenye mbao, kwa sababu linatikisika na kula kidogo. Nilikuwa na mpango wa kulibomoa ili niongeze kimo, nashukuru sikufanya.

Nilifikiria kujaza kona kwa sufi, kwa kuwa ni bei nafuu na bibi zetu wamelalia magodoro yake. Sikuithubutu, sufi hushika moto upesi mno, na chumba changu kimejaa nyaya. Nikatafuta rokwulu, zile nyuzi za mawe ambazo viwanda hufungia mabomba ya moto. Haziungui. Niliipata kwa wauzaji wa vifaa vya viwandani, vipande vya sentimita 60 kwa 120, unene 5. Kila kipande nilikikata pembetatu nne, nikazipanga moja juu ya nyingine kwenye kona mpaka mita 2.4. Kona moja inakula vipande 12. Nilifanya mbili za mbele kwanza, miezi miwili baadaye nikafanya ya nyuma kushoto.

Unene una sababu yake. Kifyonza cha nyuzi hufanya kazi pale hewa inapokwenda kasi, na ukutani penyewe hewa haisogei. Robo ya wimbi la hezi 50 ni mita 1.7 na zaidi. Sponji ya sentimita 5 iliyobandikwa ukutani haifiki popote. Ndiyo maana ukuta wa nyuma niliuwekea paneli tatu za sentimita 15 na nikaacha uwazi wa sentimita 10 nyuma yake. Mikono mirefu, glavu na barakoa usiviache, rokwulu inawasha na vumbi lake si la kuvuta.

Kufunika nilitumia kanga. Mama mkwe alinipa doti tatu za zamani, zilizolainika kwa kufuliwa. Kipimo ni rahisi: weka kitambaa mdomoni, upulize. Pumzi ikipita bila kukabwa, kinafaa. Kitenge kizito chenye nta kilinikatalia. Ndani ya kanga nilitanguliza kitambaa chepesi ili nyuzi zisichomoze, kisha fundi seremala akanitengenezea fremu. Mke wangu alizipanga ili majina yasomeke, na chumba sasa kinavutia kuliko zamani.

Baada ya kona ya tatu na zile paneli, shimo la 48 likawa desibeli 5. Kilichonifurahisha zaidi ni mkia wa sauti. Mwanzo toni hiyo ilikuwa inaning'inia karibu sekunde nzima baada ya kukatwa. Sasa haifiki nusu. Naweza kutofautisha kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, na gitaa la besi zikipigwa pamoja, kitu ambacho chumbani humu sikuwahi kukisikia. Kwenye hezi 97, ambapo palikuwa shimo, palijitokeza nundu, nikaikata desibeli 4 kwa ikwalaiza ya spika, ile inayopandisha au kushusha masafa fulani. Nundu unaweza kuikata. Shimo usilijaze kwa ikwalaiza, kwa sababu ukiongeza sauti unaongeza na ile inayoifuta, spika inahema bure.

Wala vifyonza hivi havizuii sauti kumfikia jirani. Kwangu saa tatu usiku navaa hedifoni.

Wimbo wa kwaya niliurudia mwanzo hadi mwisho. Ile nyongeza ya desibeli 7 niliyoipachika karibu na hezi 50 niliisikia waziwazi ndani ya dakika ya kwanza, nikaiondoa yote. Mwalimu aliupiga kanisani, akanitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake waimbaji wanasikika, na neno kwa neno la solo linasikika, hata wimbo unapotua kwenye G.

Imebaki kona ya nyuma kulia, yenye mlango unaofunguka kwa ndani. Jumamosi seremala anakuja kugeuza bawaba ufunguke kwa nje, na vipande 12 tayari viko chini ya kitanda.