"Palipolowa si ndipo panapovuja?"

Kuna neno limenikaa kooni wiki nzima na halishuki. Mwenye lile gari la kijivu, lile nililowaambia linanuka uvundo hata madirisha yakiwa wazi, alisimama mlangoni mwa gereji funguo zikiwa mkononi. "Fundi, mvua ikinyesha kapeti inalowa hapa miguuni. Palipolowa si ndipo panapovuja? Paka silikoni hapo, niondoke." Nikamjibu, "Sipaki kitu mpaka nilione tone linaingia." Hakubishana nami. Alimgeukia aliyekuja naye akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Anatafuta kuongeza bili."

Wiki hii mdogo wangu ameposwa na kazini tumemaliza kuhamia banda jipya, lakini nikizima taa usiku ninachosikia ni hicho tu. Anatafuta kuongeza bili. Nimelijibu mara nyingi kichwani, kila mara kwa maneno mengine. Leo nalijibu hapa.

Bwana mkubwa, maji ndani ya gari hayakai yalikoingilia. Yanafuata waya, yanateleza kwenye mikunjo ya bati, yanapita ndani ya sponji iliyo chini ya kapeti, halafu yanatuama sehemu ya chini kuliko zote. Gari likiegeshwa pua ikiwa juu, maji yaliyoingilia nyuma ya dashibodi yatamlowesha miguu abiria wa nyuma. Pale palipolowa ni mwisho wa safari. Ukipaka silikoni hapo, umeziba sakafu ambayo haikutoboka.

Kabla ya spana yoyote, ujue ni maji gani. Kandamiza karatasi nyeupe ya tishu kwenye unyevu, uitazame, uinuse, uisugue kwa vidole. Ikiwa na rangi, utelezi na harufu tamutamu, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini: rejeta ndogo ya hita au mipira yake inavuja, kioo cha mbele kwa ndani kinapata ukungu wa mafutamafuta, na kulanti kwenye chupa inapungua. Ikiwa ni maji safi, tena yanaonekana siku isiyo na mvua baada ya kuwasha kiyoyozi, shuku bomba la kutolea maji ya evaporeta, kile kipoza hewa cha kiyoyozi kilicho nyuma ya dashibodi. Kiyoyozi kikifanya kazi kwenye hewa yenye unyevu, maji yanapaswa kudondoka chini ya gari. Pakiwa pakavu huko chini huku kapeti inalowa, bomba limeziba au limechomoka. Ikiwa yanakuja baada ya mvua au kuosha gari tu, tatizo liko kwenye bodi. Na yeye mwenyewe alisema, mvua ikinyesha. Alinipa nusu ya jibu kisha akataka nisiitumie.

Halafu unakausha, na hapa ndipo wengi wanaharakisha. Kapeti ikiguswa juu inaweza kuwa kavu kabisa huku sponji ya chini imejaa. Ikandamize kwa ngumi mpaka chini ndipo utajua. Kiti kikibidi kutoka, zima gari, toa waya wa nguzo hasi ya betri na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa zile plagi za manjano chini ya kiti, kwa sababu ni za mifuko ya hewa. Nyonya maji kwa mashine ya kunyonyea, inua kapeti juu ya vipande vya mbao, elekeza feni chini yake. Sponji nene inachukua siku kadhaa. Usipoikausha, huwezi kutofautisha tone jipya na la zamani, na uvundo utarudi hata ukiziba vizuri. Ukiwa hapo, kagua masanduku ya umeme chini ya viti na pembeni mwa miguu. Pini zikianza kuwa na ukijani, leo ni unyevu, baadaye ni taa za onyo zisizoeleweka.

Kumwagia maji ni kazi ya watu wawili. Mmoja anaingia ndani na tochi, plastiki za kizingiti na za chini ya dashibodi zikiwa zimetolewa. Mwingine anashika mpira wa maji usio na kichwa, maji yatiririke taratibu. Mashine ya presha weka mbali: inasukuma maji kupita hata raba nzima, utaziba mahali pasipo na kosa. Anza chini, panda juu. Kizingiti, mlango, mtaro ulio chini ya waipa, kingo za kioo cha mbele, mwisho paa, kila sehemu dakika 3 hadi 5. Ukianzia paa, maji yanapita kila mahali kwa pamoja na hujajifunza lolote. Nyunyiza poda ya mtoto au vumbi la chaki kwenye bati kavu ndani. Tone likipita linaacha mstari, unaufuata kurudi juu mpaka mwanzo wake.

Kama hutaki maji, tumia hewa. Funga milango na madirisha, weka feni ya gari juu kabisa ikivuta hewa ya nje, kisha paka maji ya sabuni kwa nje kwenye raba na maungio. Panapotoa mapovu, hewa inatoka. Na hewa inapotoka, maji yanaweza kuingia.

Kwenye gari la kijivu tulipita kizingiti, pakavu. Mlango, pakavu. Tulipofika mtaro wa waipa, kijana aliyekuwa ndani akaita, "Hilo hapo!" Nami nikaingiza kichwa chini ya dashibodi. Tone lilikuwa linajikusanya kwenye ukingo wa sanduku la filta ya hewa ya ndani, linanenepa, linaachia, na jingine linaanza palepale. Niliivuta filta. Nusu ya juu ilikuwa ya kijivu kama kawaida, nusu ya chini nyeusi, mikunjo imevimba na kushikana, na kati yake mstari ulionyooka kabisa ulioonyesha maji yalikuwa yanafika wapi. Tukafungua ile plastiki nyeusi chini ya waipa: majani yaliyooza yamegeuka tope na kuziba tundu la kutolea maji. Mvua ikinyesha, mtaro unajaa hadi kwenye mdomo wa kuingizia hewa na kumwagikia ndani. Tulizoa tope kwa mkono, tukapitisha maji mpaka yakatoka chini ya gari kwa nguvu, tukaweka filta mpya na sponji mpya ya kuzibia kifuniko chake. Tukamwagia tena. Pakavu.

Sijui niseme nini kuhusu furaha ile. Kuliona tone lenyewe, kisha kuliona halipo! Hakuna hata tone moja la silikoni lililotumika. Bili ilikuwa ileile niliyomtajia mwanzo. Ila gari alilifuata dereva wake, kwa hiyo filta ile bado iko kwenye meza yangu na mwenyewe hajaiona.

Si kila gari ni majani. Lenye dirisha la paa lina beseni kulizunguka, na maji kuingia humo si kasoro. Yanatolewa na mabomba membamba yanayoshuka ndani ya nguzo. Mimina robo lita taratibu kwenye kila kona uone kama inatoka chini. Bomba likiziba, pitisha uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, wa milimita 2 hivi. Waya wa chuma unatoboa bomba, na upepo mkali wa kompresa unalichomoa kwenye kiungo, kisha maji yote yanashuka nyuma ya plastiki za nguzo.

Milango nayo imetengenezwa ipitishe maji. Yanashuka kando ya kioo na kutoka kwenye matundu ya chini. Kinachoyazuia yasije ndani ni ile karatasi ya plastiki nyuma ya paneli, na mtu akibadilisha spika kisha akairudisha kwa selotepu, kapeti italowa. Toa gundi ya zamani yote, weka utepe mpya wa butili, ule mpira laini unaonata, kuzunguka bila kuacha nafasi, na ukingo wa chini uelekeze maji ndani ya mlango. Buti ikilowa, angalia gasketi, yaani raba za kuzibia, za taa za nyuma na vile vitundu vya kupumulia nyuma ya bampa, kisha uinue tairi la akiba.

Na silikoni, kwa kuwa ndiyo iliyoanzisha haya: ile yenye harufu ya siki inaleta kutu kwenye bati tupu, na ikishakaa, rangi wala gundi ya vioo haishiki tena juu yake. Kioo cha mbele kinachovuja kinatolewa, kutu inasuguliwa, bati linapakwa praima, ile rangi ya kwanza ya kulikinga, kisha kioo kinarudishwa kwa gundi ya poliurethani. Kukipaka juujuu kwa nje ni kumpa kazi ngumu zaidi fundi atakayefuata.

Baba amenipigia jioni hii. Anasema lile jicho alilofanyiwa upasuaji linamchoma akitazama mwanga, na miadi yake ni wiki ijayo. Mama anasema ni vumbi la kuhama tu. Mimi sidhani kama ni la kusubiri. Kesho asubuhi, kabla sijafungua banda, napiga simu wampe miadi ya mapema zaidi.