Kufumua twist ndo kumenifanya nielewe sipro

Jumapili nilikuwa namfumua mdogo wangu twist, na kwa uvivu nikaanzia katikati, nikashika nyuzi mbili nikavuta huku na huku, basi kule chini kukajikaza kama kamba ya katani, mtoto analia, mimi nacheka, ghafla nikakumbuka vidonge vya sipro (ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria) nilivyomeza mwezi uliopita kwa ajili ya UTI.

Maana ni mambo yaleyale. DNA ya bakteria E. coli, yule anayeleta UTI mara nyingi, ni nyuzi mbili zilizosokotana, maelekezo yake yameandikwa kwa herufi (jozi za kemikali) kama milioni 4.6, halafu ni duara, haina ncha ya kuanzia kufumua! Na bakteria akitaka kugawanyika lazima aifumue ili ainakili. Anayefumua ni kimeng'enya (enzyme) kinachoitwa helikesi, anakwenda kama herufi 1000 kwa sekunde, piga hesabu hapo, karibu mizunguko 100 kila sekunde, na msokoto wote huo unasukumiwa mbele. Angeachwa peke yake angekwama mapema sana.

Hapo ndo anaingia jairesi, kimeng'enya kingine, kipenzi changu. Anakata nyuzi zote mbili, anapitisha kipande kingine cha DNA kwenye mkato, anaunga tena, kimyaa. Muda wote huo zile ncha kazishikilia mwenyewe. Sasa sipro inamnasa palepale ameshakata na hajaunga, msafara wa kunakili unakuja unagonga hapo, DNA inakatika vipande, bakteria kwisha habari yake.

Wenzake nao wapo. Polimeresi III ndo mwandishi wa nakala, ila hajui kuanza, anajua kuendeleza tu (maofisini wapo wengi, tuyaache), kwa hiyo primesi anamwekea kianzio kifupi cha RNA (ndugu yake DNA). Halafu anaandika kuelekea upande mmoja tu, so uzi mmoja unanakiliwa mfululizo, wa pili vipandevipande vya herufi 1000 hadi 2000, waliovigundua ni mke na mume Wajapani, Tsuneko na Reiji Okazaki, miaka ya 1960. Polimeresi I anatoa ile RNA na kujaza mapengo, ligesi anaunga.

Kilichoniacha hoi ni muda. Kunakili yote ni kama dakika 40, lakini bakteria akishiba vizuri anagawanyika kila dakika 20. Inakuwaje? Anaanza nakala ya wajukuu kabla hata watoto hawajazaliwa.

Mdogo wangu yeye bahati nzuri twist zake zina ncha, nikaanzia chini, tukamaliza saa nne usiku na bado kaninunia.