Wazee Nyuma ya Mimbari: Safari ya St Andrew's, Thogoto na Tumutumu

Kwa mpangilio wa historia ningepaswa kuanzia Thogoto, lakini nilianzia St Andrew's jijini Nairobi, kwa sababu ya mchungaji Timothy Njoya. Aliyekulia Kenya ya miaka ya tisini analijua jina hilo hata kama hajawahi kukanyaga kanisa la Presbiteri. Mlinzi wa langoni aliponiuliza nimekuja kumwona nani, nilimwambia nimekuja kuona mimbari tu. Alinitazama kidogo, akanisainisha kitabu, akanielekeza ndani.

Ni jengo la mawe, kubwa, lenye ubaridi hata mchana wa jua. Zamani lilikuwa kanisa la walowezi wa Kiskoti. Miaka ya hali ya hatari mchungaji wao, David Steel, alithubutu kuishutumu serikali ya kikoloni kwa jinsi ilivyoendesha vita vyake dhidi ya Mau Mau, huku akiwahubiria watu ambao wengi wao waliishi kwa hisani ya serikali hiyo hiyo. (Mwanawe, aliyeitwa David vilevile, alikuja kuongoza chama cha Liberal huko Uingereza.) Januari mosi 1990, Njoya akasimama hapa. Ukuta wa Berlin ulikuwa umebomolewa wiki chache tu nyuma, na yeye akasema waziwazi kwamba tawala za chama kimoja Afrika zisijidhani ziko salama wakati zile za Ulaya Mashariki zinaporomoka. Mawaziri wakataka akamatwe, atiwe kizuizini. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikafutwa kwenye katiba na vyama vingi vikarudi. Hakufanya hayo peke yake, mawakili walikuwepo, wanasiasa walikuwepo, maaskofu wa Kianglikana na wa Kikatoliki walikuwepo, lakini alitangulia kusema wakati wengi bado walikuwa wananong'ona.

Nilitoka nikashuka kwa miguu. Kanisa Kuu la All Saints liko karibu hapo. Julai 7, 1997, siku ya Saba Saba, polisi waliingia humo ndani wakampiga Njoya pamoja na waandamanaji waliokuwa wamejificha. Ukiambaa Uhuru Park unafika Bunge, alikopigwa tena Juni 10, 1999, akidai wananchi washirikishwe katika kuandika katiba. Miaka mitano baadaye alikuwa mbele ya Mahakama Kuu, na kesi yenye jina lake ikaamua kwamba katiba mpya lazima ipigiwe kura ya maoni na wananchi wenyewe. Mchungaji wa parokia, na jina lake linasomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini.

Lakini hadithi hii tunapenda kuisimulia nusu. Mwishoni mwa miaka ya themanini, kanisa la Njoya mwenyewe ndilo lililomtia adabu kwa mahubiri yake. Wapresbiteri hawana askofu. Mchungaji anaongoza kikao cha wazee wa parokia. Wazee hao na wachungaji huunda presbiteri. Juu yake kuna Baraza Kuu, na moderata, kiongozi wake anayechaguliwa kwa muda, ukiisha anampisha mwingine. Kila mtu ana mtu wa kumwambia "kaa chini". Ukitaka kumnyamazisha mchungaji wa PCEA, yaani Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, huna haja ya kutuma polisi, tafuta wazee wanaoogopa. Ukitaka kumwinua vilevile, tafuta wazee. Hao ndio niliowafuata Thogoto.

Matatu ya Kikuyu ilijaa upesi, na makanga akaniahidi kwamba tutafika "saa hii hii", ahadi iliyotuchukua zaidi ya saa nzima. Kutoka mjini Kikuyu nilipanda boda hadi Thogoto. Mzee aliyenipokea katika Church of the Torch alikuwa na fundo la funguo mkononi na koti la suti juu ya sweta. Kanisa lilianza kujengwa 1928 likafunguliwa 1933. Misheni yenyewe ni ya zamani kuliko hapo: ilianzia Kibwezi 1891, malaria ikawamaliza, na mwaka 1898 Thomas Watson akaihamishia huku kwenye baridi. Watson alifariki 1900. Mkewe, Minnie, alibaki akafundisha miaka mingi, akarudi Scotland uzeeni, na alipokufa mwaka 1949 majivu yake yaliletwa Thogoto. Mzee alisema, "Huyo ni wetu," kisha akafungua mlango.

Kila kona ya hapa imegusa serikali kwa namna fulani. Kijana mmoja aliyekuja kusoma mwaka 1909 alibatizwa 1914 kwa jina la Johnstone Kamau. Tunamfahamu zaidi kama Jomo Kenyatta. Alliance High School, iliyofunguliwa 1926 kwa ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti, iko jirani tu, na sihitaji kueleza ni mawaziri wangapi walipitia pale. Mwaka 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana hapa kutafuta umoja, wakashiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Waskoti, na Frank Weston, askofu wa Zanzibar, akawashtaki maaskofu wenzake wawili kwa uzushi. Ugomvi huo ulitikisa Uanglikana hadi Uingereza.

Aliyenishughulisha zaidi ni mmisionari wa Kiskoti, John Arthur. Alikuja 1907 akiwa daktari, akawekewa mikono ya uchungaji 1915, na 1924 akateuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kusemea maslahi ya Waafrika, kwa kuwa Mwafrika mwenyewe hakuruhusiwa kuingia. Tabibu, mhubiri, mbunge, wote ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1929 akaamua kupiga vita tohara ya wasichana kwa kuwataka waumini waape kuikana. Asiyejua kuandika aliweka alama ya dole gumba, na kiapo hicho kikaitwa kirore.

"Nyanya yangu aliweka," mzee aliniambia, akaukandamiza ubao wa benchi kwa kidole chake ili nione. "Guka, mumewe, akakataa. Akatoka kanisani, akaenda kwa Karing'a. Chumba kimoja, sufuria moja, Jumapili njia mbili."

Nikamuuliza yeye angefanya nini.

"Mwanangu, nina wajukuu wa kike wanne. Hakuna aliyekatwa, na hakuna atakayekatwa. Lakini mtu akikuletea karatasi akwambie chagua leo kati ya wazazi wako na Mungu, hata kama anasema kweli, utamskia?"

Maelfu hawakumskia. Madarasa ya misheni yalibaki matupu, shule huru za Wakikuyu, za Karing'a zikiwemo, zikaota kila kilima, na nyimbo za muthirigu za kumkejeli Arthur zikaimbwa hadi serikali ikazipiga marufuku. Mimi naona Arthur alikuwa sahihi kuhusu kisu na akakosea kuhusu watu. Aliwatangulia wazee wake mwenyewe: wachungaji wa kwanza Waafrika, Musa Gitau akiwa mmoja wao, walikuwa wamewekwa wakfu miaka mitatu tu kabla ya vurugu hiyo, na sauti zao hazikuwa na uzito kama wake.

Uzito ulihama polepole. Charles Muhoro Kareri akawa moderata wa kwanza Mwafrika mwaka 1961. Halafu akaja John Gatu, katibu mkuu tangu 1964, mtu aliyekuwa amepigana vita vya Waingereza katika King's African Rifles. Mwaka 1971, mjini Milwaukee, Marekani, aliwaambia wafadhili wa Kizungu wasimamishe kutuma wamisionari na pesa, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Hasira ilizuka pande zote mbili za bahari, pamoja na kwa Waafrika waliokuwa wakihesabu mishahara. PCEA ikashika kaulimbiu ya Jitegemea. Miaka miwili kabla ya hapo, baada ya Tom Mboya kuuawa, watu walikuwa wakisombwa kwa malori kwenda Gatundu kulishwa kiapo kwamba uongozi wa nchi hautatoka nyumba ya Mumbi, yaani kwa Wakikuyu. Gatu na wachungaji wenzake walikipinga hadharani. Aliyekuwa Ikulu ni yule yule aliyebatizwa Thogoto.

Si kila ushawishi ulikuwa wa aina hiyo. Miaka ya 2000 moderata David Githii aliongoza kampeni ya kung'oa makanisani alama alizoziita za kishetani, kisha akadai hata majengo ya Bunge yanazo. Nilipomgusia mzee habari hiyo alicheka, akaanza kutafuta ufunguo wa mlango wa nyuma.

Jumapili nilikuwa Tumutumu, karibu na Karatina, misheni ya mwanzoni mwa karne iliyopita yenye hospitali, shule na chuo cha wauguzi chini ya kilima chake. Ibada ilikuwa ya Kikuyu, na jirani yangu, mama wa Woman's Guild, chama cha wanawake wa kanisa, alinitafsiria sikioni bila kuombwa. Karani wa kikao alisoma matangazo marefu ajabu: ndoa, harambee ya paa, zamu za wazee wa wilaya, na uhamisho wa mchungaji, kwa kuwa muda wake hapo ulikuwa umekwisha. Watu waliguna. Mchungaji mwenyewe alitulia kimya huku hatima yake ikisomwa na mtu anayeuza mbolea siku za wiki.

Mheshimiwa mmoja alikuwa ameketi safu ya mbele. Tangu 2021 makanisa makubwa, PCEA likiwemo, yalitangaza kuwanyima wanasiasa mimbari, na nilitaka kuona kama neno hilo linashikwa mashinani. Mchungaji alimtaja jina, akamwomba asimame watu wamwone, akamshukuru kwa kuja. Mheshimiwa akapiga hatua moja kuelekea kipaza sauti. Wazee wawili waliokuwa wameketi pembeni wakasimama kana kwamba wananyoosha migongo, wakabaki wamesimama pale pale. Akapunga mkono, akarudi kukaa.

"Hao ndio wamempatia mchungaji nguvu," yule mama alininong'oneza, akielekeza kidevu kwa wazee, si kwa mchungaji. "Huyu anaenda mwezi ujao. Hawa wanabaki na mheshimiwa hapa mpaka kura."

Baada ya ibada mheshimiwa alihutubia nje, juu ya gari, spika ikikoroma. Vijana walimfuata. Wengine tulibaki kwenye mnada wa matoleo: ndizi, maziwa, kabichi, na jogoo mmoja mwekundu aliyenunuliwa kwa shilingi elfu moja, akarudishwa mezani, akanunuliwa tena kwa elfu moja na mia mbili, akarudishwa. Mara ya tatu mchungaji anayehamishwa alinyoosha mkono, na karani akamwambia bei ya kuanzia kwake ni elfu mbili, kwa kuwa nauli ya kuhama atalipiwa na presbiteri.